Mahakama Kuu ya Bombay na rufaa zilizotoka Unguja

Miaka ya 1880, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeshindwa kesi mbele ya konseli wa Uingereza pale Unguja hakuwa na Nairobi ya kukimbilia. Mji wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Rufaa yake ilivuka bahari hadi Bombay, mji wa India uitwao leo Mumbai. Amri ya Malkia ya mwaka 1884 iliichukulia Zanzibar, kwa shughuli za mahakama ya konseli, kana kwamba ni wilaya mojawapo ya jimbo la Bombay, na sheria zilizotumika humo zilikuwa za India. Hayo yaliwahusu raia wa Uingereza na waliokuwa chini ya ulinzi wake. Wengine walibaki kwa makadhi wa Sultani.

Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na kumbukumbu za mahakama tunaiona Mahakama Kuu ya Bombay kuwa sehemu ya historia yetu pia, ingawa wengi huifahamu kwa picha za jengo lake tu.

Mahakama ni kongwe kuliko jengo. Ilizinduliwa Agosti 1862, kufuatia sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1861, ikaanzia kwenye nyumba ya zamani katikati ya mji. Ujenzi wa makao mapya ulianza 1871 ukakamilika 1878, kwa ramani ya Kanali James Fuller, mhandisi wa jeshi. Majaji walikaa humo kwa mara ya kwanza Januari 1879. Urefu wa jengo ni kama mita 171, mtindo wake ni wa Kigothi, na juu yake zimesimama sanamu mbili, Haki na Huruma. Gharama ilifika rupia 1,644,528, yaani pungufu ya bajeti iliyoidhinishwa kwa rupia 2,668. Anayejua miradi ya serikali ya leo na asome tarakimu hizo mara mbili.

Ukilikaribia zaidi, yaangalie mawe yaliyochongwa kwenye nguzo. Yupo tumbili jaji, jicho moja limefungwa kitambaa, ameshika mizani iliyokwenda upande. Yupo pia mbweha aliyevalishwa ukosi wa wakili. Watu wa Mumbai husimulia kuwa mkandarasi mmoja wa Kiparsi, yaani wa jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi, alishindwa kesi mahakamani, akalipiza kisasi kwa patasi. Sidhani kama kisa hiki kitathibitishwa kamwe, lakini tumbili yupo, na majaji wote waliopita hapo wamemwacha.

Ukumbi wa kati ndimo Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India, alimohukumiwa mwaka 1908 kwa uchochezi, kwa sababu ya makala za gazeti lake la Kesari. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa na Wazungu saba na Waparsi wawili, na kura zilikuwa saba kwa mbili. Jaji Dinshaw Davar alimpa miaka sita, akapelekwa Mandalay, Burma. Davar huyohuyo, alipokuwa wakili, ndiye aliyemwombea Tilak dhamana mwaka 1897. India ilipokwisha kujitawala, Jaji Mkuu M. C. Chagla alizindua hapo kibao cha marmari, mwaka 1956, chenye maneno aliyoyasema Tilak baada ya kukutwa na hatia. Mahakama chache hutundika ukutani maneno ya mtu ziliyemfunga.

Msomaji wa Kenya au Tanzania asichanganywe na jina. Kwetu Mahakama Kuu ni moja kwa Kenya nzima, na moja kwa Tanzania Bara, Zanzibar ikiwa na yake, na juu yake ipo Mahakama ya Rufani. India, Mahakama Kuu ndiyo ya mwisho katika jimbo, na juu yake imebaki Mahakama ya Juu ya New Delhi peke yake. Hii ya Bombay inahudumia Maharashtra na Goa, pamoja na maeneo ya Daman, Diu, Dadra na Nagar Haveli, na ina matawi, yakiwamo ya Nagpur, Aurangabad na Goa. Mbali na rufaa, madai makubwa ya jiji la Mumbai hufunguliwa moja kwa moja katika mahakama hii. Mji ulibadilishwa jina miaka ya 1990; mahakama imebaki na la zamani.

Sheria za India nazo hazikuondoka kwetu upesi. Tanzania Bara iliachana na Sheria ya Ushahidi ya India mwaka 1967. Kenya iliendelea kutumia ile ya uhamishaji wa mali, iliyotungwa 1882, hadi mwaka 2012, kwa hiyo wapo mawakili wa Mombasa wasio wazee ambao bado wanavikumbuka vifungu vyake.

Jengo limekuwa dogo kwa wingi wa kesi, na eneo la makao mapya limetengwa Bandra Mashariki, kitongoji cha Mumbai. Majengo ya Kigothi yanayouzunguka uwanja wa Oval, hili likiwamo, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.