Kwa nini majeruhi wawili wa ajali moja hulipwa fidia tofauti?

Watu wawili wameketi kiti cha nyuma cha gari moja. Dereva wa gari jingine anapita taa nyekundu, anawagonga ubavuni, na wote wawili wanavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wanatibiwa hospitali moja, wanafungwa plasta siku moja. Mmoja ni fundi cherehani wa miaka 28, mwingine ni mstaafu wa miaka 66. Kesi zao zikiisha, fundi anaweza kulipwa mara kadhaa ya alicholipwa mstaafu, na mahakama isiwe imempendelea yeyote.

Je, wajua kwa nini? Wengi tunadhani fidia ni bei ya mfupa uliovunjika, au kwamba hutegemea gari limepondeka kiasi gani. Sivyo. Mahakama inatazama maisha ya mtu yalivyokuwa kabla ya ajali na yalivyo baada yake, kisha inalipia pengo lililo katikati.

Katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza, kanuni hiyo hurejewa katika kesi ya mwaka 1880 ambayo wala haikuhusu ajali. Kampuni ilikuwa imechimba makaa ya mawe chini ya ardhi ya mtu mwingine, ikiamini kimakosa kwamba ni mali yake. Jaji Blackburn akaeleza kuwa fidia ni kile kiasi cha fedha kitakachomweka aliyedhurika pale ambapo angekuwa kama kosa lisingetendeka, kadiri fedha inavyoweza kufanya hivyo. Kauli hiyo iliyozaliwa na makaa ya mawe ndiyo inayoongoza hadi leo hesabu za miguu iliyokatwa na migongo iliyopooza.

Kabla ya hesabu hizo, mdai anatakiwa kuthibitisha uzembe: kwamba dereva alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, kwamba hakuutimiza, na kwamba kuumia kwake kumetokana na hilo. Hatakiwi kuondoa kila shaka kama katika kesi ya jinai. Inatosha mizani ielemee upande wake. Na kipimo cha uangalifu hakimsamehi dereva kwa sababu ni mgeni barabarani. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kwamba hata mwanafunzi wa udereva, aliyegonga nguzo ya taa na kumvunja goti aliyekuwa akimfundisha, anapimwa kwa kiwango kile kile cha dereva mzoefu.

Uzembe ukithibitika, hasara hugawanywa mafungu. La kwanza ni gharama zilizokwisha kutoka mfukoni: matibabu, dawa, nauli za kwenda kliniki, mshahara uliokatwa. Hapa kinachosema ni risiti, na gharama isiyo na ushahidi mara nyingi hukataliwa hata kama kila mtu anajua ilitumika. La pili ni maumivu yenyewe na raha za maisha zilizopotea. Mstaafu wetu hawezi tena kumnyanyua mjukuu wake kwa mkono wa kulia. Hilo halina risiti, kwa hiyo mahakama huangalia waliopata majeraha kama yake walilipwa nini, kisha hupanda au hushuka. Baadhi ya nchi zimeweka majedwali kabisa: Hispania inalo la majeruhi wa barabarani tangu 1995, na Uingereza tangu Mei 2021 hulipa maumivu mengi ya shingo yatokanayo na mgongano wa magari kwa kuhesabu miezi yaliyodumu. Katika fungu hili wale wawili hawaachani sana.

Wanaachana kwenye kipato cha baadaye, na hapa inafaa tukae kidogo.

Tuseme fundi alikuwa akiingiza 100 kwa mwezi. Kifundo kimepona kikiwa kigumu, hakigeuki kuongoza kitambaa chini ya sindano, na sasa anaingiza 60. Hasara yake ni 40 kwa mwezi, yaani 480 kwa mwaka. Angefanya kazi hadi miaka 60, kwa hiyo amebakiwa na miaka 32. Ungetegemea 480 zizidishwe kwa 32, lakini mahakama huzidisha kwa namba nyingine iitwayo kizidisho. Sababu ni kwamba fundi analipwa leo, kwa mkupuo, fedha ambazo angezipata kidogo kidogo hadi uzeeni. Akiziweka mahali salama zitazaa, na faida hiyo inapaswa kupunguzwa mapema asije akalipwa kupita hasara yake.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea fedha hizo zinakadiriwa kuzaa kiasi gani baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Nchini Uingereza kiwango hicho kilikuwa asilimia 2.5 kwa mwaka tangu 2001. Kwa miaka 32 ya fundi wetu, hicho hutoa kizidisho cha karibu 22, na fidia ya kipato inakuwa takriban 10,500. Mwaka 2017 serikali ikakishusha hadi chini ya sifuri, hasi 0.75, ikikubali kwamba uwekezaji salama ulikuwa haufikii hata mfumuko wa bei. Kwa kiwango hicho kizidisho kinapanda hadi karibu 36, na fidia inapita 17,000. Mkono ni ule ule, fundi ni yule yule, na kilichobadilika ni namba moja iliyotangazwa na waziri. Kwa mtu aliyepooza mwili mzima, anayehitaji wauguzi maisha yote, badiliko hilo lilikuwa na maana ya mamilioni ya pauni. Baadaye kiwango kilipandishwa, na tangu Januari 2025 ni asilimia 0.5 kwa Uingereza na Wales. (Hesabu zangu hapa ni za msingi tu. Mahakama hupunguza tena kwa uwezekano kwamba mtu angeugua au kukosa kazi hata bila ajali.)

Mstaafu hana fungu hili. Pensheni yake inaingia kama kawaida, mkono uwe mzima au mbovu.

Lakini fundi naye apate kuaminiwa kwamba alikuwa akiingiza 100. Aliyeajiriwa huleta hati za mshahara na mambo yanakwisha. Aliyejiajiri huulizwa maswali mazito, na inaniuma kuona kwamba watu wanaoishi kwa nguvu za mikono yao ndio wenye karatasi chache kuliko wote. Daftari la oda lenye vipimo vya wateja, tarehe na malipo ya awali linaweza kuwa ushahidi mzuri kuliko kiapo. Vilevile kumbukumbu za malipo aliyopokea kwa simu. Asipokuwa na chochote, mahakama inaweza kukisia, mara nyingi kwa kima cha chini cha mshahara, na hapo fundi hodari anahesabiwa kama kibarua wa siku ya kwanza.

Kuna pia suala la kosa la mdai mwenyewe. Zamani lilimaliza kesi. Mwaka 1809 mahakama ya Uingereza ilimnyima fidia mtu aliyekuwa amepanda farasi akienda kasi jioni na kugonga mti uliolazwa barabarani, kwa hoja kwamba angekwenda taratibu angeuona. Aliyeuweka mti akaondoka bila kulipa chochote. Uingereza iliiacha sheria hiyo mwaka 1945 na kuanza kugawa kosa kwa asilimia, lakini Marekani bado ina majimbo ya Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia ambako, kwa kawaida, hata kosa dogo la mdai linaweza kumkosesha kila kitu.

Mgawanyo huo unaonekana vizuri kwenye mkanda wa kiti. Katika kesi ya Froom dhidi ya Butcher, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1975, mdai hakuwa amefunga mkanda, na ajali ilikuwa kosa la dereva wa gari jingine kabisa. Mahakama ikaweka mwongozo: kama mkanda ungezuia majeraha yote, fidia ipungue asilimia 25; kama ungeyapunguza ukali, asilimia 15; kama usingebadilisha kitu, isiguswe. Naona uamuzi huo ni wa haki, kwa sababu unatenganisha aliyesababisha ajali na kilichosababisha jeraha.

Kwa upande mwingine, udhaifu wa mwili haumpunguzii mdai haki. Ikiwa mifupa ya mstaafu ilikuwa tayari imepungua nguvu, na pigo ambalo kijana angelipuuza likamvunja, dereva hawezi kujitetea kwa hilo. Amemgonga aliyemgonga, na analipia alichovunja.

Kinachobaki ni nani ana fedha. Hukumu kubwa dhidi ya dereva asiye na kitu haina faida, ndiyo maana bima ya kulipia wanaoumizwa ni lazima katika nchi nyingi, na ndiyo maana kikomo cha bima mara nyingi ndicho huwa kikomo halisi cha fidia. New Zealand ilichagua njia tofauti: tangu 1974 majeruhi hulipwa na mfuko wa umma bila kuulizwa nani alikosea, naye kwa kawaida hawezi kumshtaki dereva kudai fidia ya jeraha.

Kwingineko, kesi nyingi huishia kwenye mapatano na kampuni ya bima kabla ya hukumu, na hati ya mapatano kwa kawaida hufunga madai yote, hata ya madhara ambayo bado hayajajitokeza. Fundi akitia sahihi wiki ya sita, plasta ikiwa ndiyo kwanza imetolewa, hakuna ajuaye kama kifundo kitarudi kuwa laini. Mawakili wazoefu husubiri daktari aandike kwamba hali imetulia, huku wakihesabu muda wa kufungua kesi, ambao Uingereza kwa kawaida ni miaka mitatu. Kwa majeraha yasiyotabirika, sheria ya huko ya mwaka 1982 ilitoa nafasi nyingine: aliyeumia kichwa anaweza kulipwa kwa hali aliyonayo sasa, na hukumu ikaandika kwamba akipatwa na kifafa ndani ya muda uliotajwa, atarudi mahakamani kudai kilichoongezeka.