Faili la mipangilio likae wapi? Dhana potofu kuhusu programu za terminali

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika `ls -A ~` ili kuorodhesha folda yako ya nyumbani, kisha hesabu majina yanayoanza na nukta. Kwangu yanapita sitini, na niliyoyaweka kwa mkono wangu hayafiki kumi. Mengine yaliletwa na programu ambazo nyingine nilishazifuta zamani. Folda ya nyumbani ni mali ya mtumiaji, na anayeandika programu anapaswa kubisha hodi kabla ya kuingia. Ila nikizungumza na waandishi wa programu za terminali, nakutana na imani zilezile kila mara.

Dhana: nukta mwanzoni mwa jina ni utaratibu uliopangwa na waasisi wa mfumo endeshi wa Unix.

Haukupangwa. Rob Pike, aliyefanya kazi na waasisi hao kwenye maabara ya Bell Labs, alieleza mwaka 2012 jinsi ilivyotokea. Kila folda ilikuwa na maingizo mawili, `.` na `..`, na hayo yalikuwa yakijitokeza kila mtu anapoandika `ls`. Ili kuyaficha, programu ikawekewa sharti jepesi: jina likianza na nukta, liruke. Sharti hilo halikuishia kwenye hayo mawili, likaficha kila jina lenye nukta mbele. Watu wakaona hapo ndipo pa kuficha mipangilio. Pike mwenyewe hapingi kwamba mafaili hayo yana kazi. Anachosema ni kwamba yangeweza kukaa ndani ya folda moja ya kawaida, kama walivyofanya baadaye kwenye Plan 9, mfumo endeshi mwingine wa Bell Labs, kwa kutumia `$HOME/lib`. Basi anayetetea `~/.programuyangu` kwa hoja ya mapokeo anatetea kosa la bahati mbaya.

Dhana: `~/.config` ni ya programu zenye madirisha, haituhusu sisi wa terminali.

Jina ndilo linalopotosha. Folda hiyo inatokana na mwongozo wa XDG, na XDG ni kifupi cha X Desktop Group, jina la zamani la freedesktop.org, na mwongozo huo wa mahali pa kuweka mafaili ulianza kutoka mwaka 2003. Lakini usome wote, hutakuta sharti la kuwa na dirisha. Unachokuta ni vigezo vichache vya mazingira, yaani thamani ambazo programu huzisoma inapoanza, na mahali pa kurudi kama mtumiaji hakuviweka: kwa mipangilio kigezo ni `XDG_CONFIG_HOME`, na pa kurudi ni `~/.config`. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, inasoma `~/.config/git/config` tangu toleo la 1.7.12 la mwaka 2012. tmux, ya kugawa terminali, ilifuata mwaka 2020, na hata kihariri cha Vim, mzee wa `.vimrc`, ilikubali `~/.config/vim` mwaka 2024.

Dhana: kwenye Mac lazima utumie `~/Library/Application Support`.

Hapa ndipo ninapobishana zaidi, kwa sababu wanaokosea wanaamini wanaitii Apple. Ni kweli folda hiyo ndiyo Apple wanayoielekeza, lakini wanazungumzia programu zenye madirisha, ambazo mtumiaji wake hubadilisha mipangilio kwa kubofya na wala halioni faili lenyewe. Ndiyo maana tangu toleo la 10.7 la mfumo wa Mac, la mwaka 2011, Finder, programu yake ya kuvinjari mafaili, inaificha folda ya Library.

Sasa mtazame mtu wa terminali. Analifungua faili lake kwa mkono, analirekebisha, analitunza kwenye repo (hazina) ya Git, na analishusha kwenye seva ya Linux na kwenye Mac yake vilevile. Ukimpeleka Application Support, umempa njia yenye nafasi katikati ya jina, ambayo kila mara ataizungushia alama za nukuu, na umemlazimisha kutunza ramani mbili kwa faili moja. Mara nyingi mwandishi hata hakuchagua: aliita tu `os.UserConfigDir` ya lugha ya Go, na kwenye Mac inarudisha Application Support bila hata kuangalia kama mtumiaji ameweka `XDG_CONFIG_HOME`. Msimamo wangu ni huu: programu ya terminali kwenye Mac itafute `~/.config`, kama Git inavyofanya. Na kama huafiki, angalau kiheshimu kigezo pale mtu alipojisumbua kukiweka.

Kwa Windows sina ugomvi. `%APPDATA%` ipo kwa kazi hiyo.

Dhana: nikishaandika `~/.config` kwenye msimbo, nimemaliza.

Kwanza soma `XDG_CONFIG_HOME`. Ikiwa haipo au ni tupu, ndipo urudi kwenye `.config` ndani ya `$HOME`. Ikiwa ina njia isiyoanzia kwenye mzizi, mwongozo unasema uipuuze.

Pili, na hili lina hatari, ile alama ya `~`, yaani folda ya nyumbani, hufasiriwa na sheli, programu inayopokea amri unazoandika, si na mfumo endeshi. Ukiipitisha moja kwa moja kwenye amri ya kuunda folda ndani ya msimbo wako, utazaa folda inayoitwa `~` hasa, hapo hapo mtu alipokuwa amesimama. Naye akiiona atataka kuifuta. Ataandika `rm -r ~`, na sheli itaelewa: futa nyumba nzima. Njia salama ni `rm -r ./~`, lakini wangapi watasita kabla ya kubonyeza Enter?

Dhana: kila kitu cha programu yangu kiingie humo humo.

Mipangilio ni kile alichochagua mtumiaji, basi. Data ina `~/.local/share`. Historia ya amri na kumbukumbu za matukio zina `~/.local/state`, iliyoongezwa kwenye toleo la 0.8 la mwongozo mwaka 2021. Kinachoweza kutengenezwa upya kina `~/.cache`, na mtu akiifuta yote leo usiku, programu yako kesho iamke kama kawaida. Jiulize swali moja: mtumiaji akipandisha `~/.config` yake kwenye repo ya hadharani, kama wengi wanavyofanya, tokeni yake ya kuingilia, ambayo ni siri kama nywila, itakwenda nayo? Kama jibu ni ndiyo, umemtegea shimo.

Dhana: nikihama sasa nitawavurugia watumiaji wa zamani.

Soma sehemu zote mbili, ya zamani na mpya, lakini sema wazi ipi inashinda. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi alibadilisha barua pepe yake ndani ya `~/.config/git/config`, na bado kila kazi aliyoisajili ilitoka na anwani ya zamani. Alirudia mara tatu, akaanza kuishuku kompyuta. Tukaandika `git config --list --show-origin`. Amri hiyo huonyesha kila mpangilio pamoja na faili ulikotoka, na `user.email` ikatokea mara mbili: juu ile mpya, chini ile ya zamani kutoka `~/.gitconfig`. Git husoma `.config` kwanza, kisha `.gitconfig`, na la mwisho ndilo linalotawala. Dakika moja ikatosha. Ipe programu yako amri kama hiyo.

Dhana: basi kila faili la nukta lihamishwe.

Hapana. `~/.ssh/authorized_keys` husomwa na seva ya SSH, inayopokea wanaoingia kutoka mbali, kabla mtumiaji hajaingia, wakati ambao vigezo vyake vya mazingira bado havijawekwa. Na `XDG_CONFIG_HOME` yenyewe watu wengi huiweka ndani ya `.profile` au `.bashrc`. Bash, ambayo ni sheli, haiwezi kuisubiri ili ijue pa kulitafuta faili hilo hilo.