Hata Aliyepigwa Ana Haki ya Wakili

Hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwanaume akikamatwa asubuhi kwa kumpiga mke wake, kufikia saa sita mchana ndugu zake wamekwisha kumtafutia avoka, yaani wakili. Wanachanga, wanapigiana simu, mmoja anakumbuka kwamba ana shemeji anayefanya kazi parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Yule mama mwenye jicho lililovimba anafika polisi na mtoto mgongoni, na maswali yote anayajibu peke yake. Ukimwuliza mbona hakutafuta wakili, anashangaa: "Avoka wa nini? Mimi sikukosa kitu."

Kwenye dawati letu la ushauri wa sheria, hilo ndilo jambo la kwanza tunaloliweka sawa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi anayemchagua, katika ngazi zote za kesi ya jinai, tangu uchunguzi wa polisi. Imeandikwa kila mtu. Kwa ubakaji na ukatili mwingine wa kingono, sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 imekwenda mbali zaidi: aliyetendewa anasaidiwa na wakili katika hatua zote za kesi. Sheria hiyo hiyo inamtaka ofisa wa polisi anayechunguza, yule tunayemwita OPJ, aijulishe parke ndani ya saa 24. Uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu tangu vyombo vya sheria vipokee kesi. Muda huo hupita mara nyingi bila mtu kushtuka. Anayeshtuka ni wakili mwenye faili mkononi, anayerudi kila wiki kuuliza limefikia wapi.

Na wanaohitaji msaada huu si wachache. Uchunguzi wa afya na watu uliofanywa nchini mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba asilimia 52 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamepata kipigo au ukatili mwingine wa mwili tangu walipofika miaka 15. Katika uchunguzi huo huo, wanawake watatu kwa wanne walisema kuna sababu angalau moja inayompa mume ruhusa ya kumpiga mkewe. Kwa hiyo mama anapofikia kuvuka mlango wa polisi, amekwisha kubishana na mama yake, na shangazi zake, na pengine na mchungaji wake.

Kazi kubwa ya wakili wa aliyepigwa haifanyiki mbele ya jaji. Inafanyika kwenye meza ya OPJ, pale maelezo ya kwanza yanapoandikwa kwenye PV, karatasi rasmi ya maelezo. Mama anasimulia kwa Kiswahili, ofisa anaandika kwa Kifaransa, kisha karatasi inasukumwa mbele yake atie saini au kidole. Nimesoma PV za mstari mmoja: amepigwa na mumewe kufuatia ugomvi wa nyumbani. Basi. Siku haipo, chombo hakipo, shahidi hayupo. Jaji anayeifungua miezi baadaye hana pa kushika, na wakili wa mshtakiwa anacheka moyoni.

Mama huyo huyo, akiwa na mtu wa kumwongoza, husema hivi: ilikuwa Jumamosi usiku, bwana alirudi kutoka baa, akadai pesa ya unga niliouza, nikakataa, akachukua mchi wa kinu, akanipiga mara mbili mkono wa kushoto; mpangaji wa chumba cha pili mle lupangoni (uani) ndiye aliyesukuma mlango; mwezi uliopita alinipiga pia, nikatibiwa kituo cha afya na karatasi ninayo. Hakuna alichoongeza. Amesema tu yale ambayo hakuna aliyemwuliza. Na kabla ya kusaini, asomewe yote kwa Kiswahili. Likiwamo neno asilolisema, lisahihishwe pale pale, kwa sababu kulikana mbele ya jaji ni kazi nyingine kabisa.

Karatasi ya pili ni ya daktari, na hapa watu wengi wanapoteza bila kujua. Kwa kipigo cha nyumbani, parke hutumia vifungu vya kanuni ya adhabu vinavyohusu kupiga na kujeruhi kwa kusudi. Kifungu cha 46 kinatoa kifungo cha siku 8 hadi miezi 6. Lakini kipigo kikileta ugonjwa, au kikamfanya mtu ashindwe kufanya kazi yake, au kikamwacha na kiungo kisichofanya kazi, tunaingia kifungu cha 47, na adhabu inaruka hadi miaka 2 mpaka 5. Sasa chukua yule mama anayeuza unga soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Daktari akiandika "maumivu ya mkono, atumie dawa," kesi inabaki kwenye kifungu cha 46. Akiandika kwamba mfupa umevunjika na kwamba mgonjwa hataweza kubeba wala kupima unga kwa wiki sita, ni kesi nyingine. Mkono ni ule ule. Ndiyo maana wakili anamwomba OPJ au hakimu wa parke amwandikie daktari rasmi, na aulize waziwazi: ni majeraha gani, yametokana na nini, na yatamzuia kazi siku ngapi. Alama za ngozi zinafifia haraka; picha za simu zipigwe siku ile ile, uso uonekane pamoja na jeraha.

Kwa aliyebakwa, hospitali inatangulia polisi. Dawa za kuzuia maambukizo ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye karatasi au kitambaa, si kwenye mfuko wa plastiki. Wakili atazikuta.

Halafu kuna kusikilizana. Sina ugomvi na baraza la ukoo. Ndoa nyingi zimepona humo, na mama mwenyewe mara nyingi anataka kipigo kiishe kuliko anavyotaka bwana afungwe. Ugomvi wangu ni na kusikilizana kunakofanyika siku ya pili, mama akiwa bado na bendeji, wajomba wa bwana wamejaa sebuleni, na karatasi imekwisha kuandikwa kabla hajafika. Anapewa kitenge, wazee wanapewa bia, anasaini kwamba "mambo yamekwisha." Karatasi hiyo ikifika kwa polisi, ofisa naye hupumua, kwani amepungukiwa faili moja.

Mambo mawili hayajulikani vya kutosha. Kwanza, kesi ya jinai si mali ya familia. Ni ya Jamhuri, na parke inaweza kuendelea nayo hata kama mama amesamehe. Kwa ubakaji hata faini inayolipwa polisi ili kumaliza mambo haizimi kesi. Sheria ya 2006 imefunga mlango huo. Pili, hiyo faini ya polisi, pale inaporuhusiwa kwa makosa madogo, inaingia hazina ya serikali. Si fidia ya aliyepigwa. Kina mama wengi wanangoja sehemu yao ya pesa ambayo kamwe haikuwa yao. Kama mtu anataka kusikilizana kwa hiari, akae kwanza na wakili wake faraghani, waandike masharti yenye tarehe: matibabu analipa nani, watoto wanakula wapi, bwana analala wapi mpaka lini. Na asaini siku nyingine, si siku hiyo.

Bwana akionekana mtaani baada ya siku mbili, usikate tamaa na usiamini uvumi kwamba kesi imenunuliwa. Katiba inakataza mtu kushikiliwa polisi zaidi ya saa 48. Ikipita hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya hakimu. Kuachiliwa si kushinda. Ila hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa, na wakili wa mshtakiwa atakuwa ameomba aachiliwe kwa muda bila masharti. Sheria inaruhusu masharti, kwa mfano asifike mahali fulani, na ajitokeze mbele ya hakimu kwa siku zilizopangwa. Asiyeyaomba hayapati. Hakimu wa parke ana mafaili mengi mezani. Mtu wa kumwambia kwamba mshtakiwa alionekana jana mbele ya lango la dada yake mama ni wakili wa mama.

Nani analipa? Ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, inayopanga kazi ya mawakili, inaitaka kila baro (chama cha mawakili) iwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wenye kipato kisichotosha. Unakwenda baro ya Haut-Katanga, unaomba ofisi hiyo, unaeleza shida, wakili anateuliwa. Beba cheti cha umaskini; anzia ofisi ya mambo ya jamii ya komuni (sehemu ya mji) yako, iwe Katuba, Ruashi, Kampemba au nyingine. Cheti hicho kinamsaidia pia wakili kuomba usamehewe gharama za mahakama. Nauli na fotokopi, nisiwadanganye, mara nyingi zinabaki kwa mama, na wapo wanaoacha kesi kwa ajili ya fotokopi.

Mawakili wanaopewa kesi hizi mara nyingi ni vijana walio kwenye staji, yaani bado wanajifunza kazi. Msiwadharau. Kijana anayefika kila kikao ananipendeza kuliko jina kubwa linalotuma barua za kuahirisha. Wapo pia watetezi wa mahakama, ambao si mawakili kamili, wanaoruhusiwa kusimama kwenye mahakama ya amani (ngazi ya chini) na kwenye tribinali ya grande instansi (ngazi inayofuata), lakini si kwenye mahakama ya rufaa, ulizeni mapema. Na wale wanaozunguka nje ya majengo ya mahakama wakisema "mimi najua jaji, nipe kidogo," waombeni kadi ya baro. Wataondoka wenyewe.

Swali linalorudi kila wiki: bwana asiporuhusu? Kanuni ya familia ya 1987 kweli ilimdai mke ruhusa ya mume kwa matendo mengi ya kisheria, na kumbukumbu hiyo bado iko vichwani mwa watu, hata mwa baadhi ya maofisa. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Mume amebaki kuitwa mkuu wa nyumba. Hakuna kifungu kinachosema mahari imenunua mgongo wa mtu.

Wakili huyo huyo anaweza kusaidia pia juu ya njaa, ambayo ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani kwa mpigaji. Mahakama ya amani inasikiliza mambo ya familia, ikiwamo talaka, na wakati kesi inasubiri jaji anaweza kupanga kwa muda watoto wakae na nani na pesa ya chakula itoke wapi. Tusiitenganishe kesi ya kipigo na kesi ya posho. Ziende pamoja.

Wengine wanaotufikia hawakupigwa na mume. Mjane anafukuzwa na mashemeji kabla ya siku arobaini, wakati kanuni ya familia inampa haki ya kuendelea kuishi katika nyumba aliyoishi na marehemu, na watoto ndio warithi wa kwanza. Anachohitaji kwanza ni kitabu cha ndoa au uthibitisho mwingine wa ndoa, kwa hiyo ndoa za kimila zisajiliweni wakati wote wawili wapo hai. Mtoto anayeitwa mlozi na kutupwa barabarani analindwa na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomfunga mwaka 1 hadi 3 anayemsingizia hadharani mtoto ulozi. Mtu asiyesikia ana sheria yake, ile ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu watu wenye ulemavu. Anayejua lugha yake ya ishara aje naye tangu polisi, na asiwe ndugu wa mshtakiwa. Mara mbili tatu tumekuta mkalimani ni kaka yake mpigaji.

Kuhusu mahakama nitasema kwa ufupi. Kipigo huenda mahakama ya amani. Ubakaji, wenye adhabu ya miaka 5 hadi 20, huenda tribinali ya grande instansi, na aliyebakwa anaweza kuomba asikilizwe milango ikiwa imefungwa. Ili udai fidia lazima ujitangaze kuwa parti sivile, yaani mdai wa fidia ndani ya kesi ya jinai, la sivyo unabaki shahidi wa maumivu yako, na hukumu inaweza kumfunga mtu bila kukupa hata franka moja. Hukumu ikitoka, rufaa ya jinai ina siku 10. Parti sivile hukata rufaa juu ya fidia tu. Adhabu ikiwa ndogo mno, anayeweza kuipinga ni parke, kwa hiyo wakili wako amwone hakimu wa parke katika siku za kwanza, si siku ya tisa. Nakala ya hukumu inaombwa kwenye grefe, ofisi ya karani wa mahakama. Iombe siku ile ile, hata kama umeshinda.