Kubadilisha mkojo kwenye kipimo cha jeshi ni kesi nyingine kabisa

Swali linalorudi kila mara ni hili: wakili, mimi nimebadilisha mkojo tu, bangi yenyewe hakuna aliyeniona nikivuta, sasa kesi iko wapi? Kesi ndo hiyohiyo ya kubadilisha mkojo.

Kwenye sheria ya jeshi la Marekani (UCMJ) kutumia dawa za kulevya kuna kifungu chake, 112a, na kuzuia haki isitendeke, ambako ndiko kubadilisha mkojo kunakoangukia, kuna chake, 131b, ambacho kimesimama peke yake tangu Januari 2019, zamani kilikuwa kimejificha ndani ya kile cha 134 kinachobeba kila kitu. Sasa angalia hesabu: kuvuta bangi mwisho ni miaka 2 jela, kuzuia haki mwisho ni miaka 5, na yote mawili yanaweza kuleta kufukuzwa kwa fedheha na mshahara wote kwenda. Yani mtu anaficha kosa dogo kwa kufanya kubwa, na hilo kubwa halihitaji dogo lithibitishwe kwanza.

Mbinu zinajulikana siku nyingi, kuna wa kuongeza maji, kuna wa kumwaga kemikali, kuna anayeingia na kichupa cha rafiki. Ila pale chooni kuna msimamizi wa jinsia yako anaangalia mkojo ukitoka mwilini hadi kwenye chupa, unasaini lebo, chupa inapigwa utepe, na kila anayeishika anaandikwa kwenye fomu. Na huyo rafiki aliyekupa mkojo wake asidhani yuko nje, naye anaweza kushtakiwa pamoja na wewe.

Ugumu wa 131b uko kichwani mwa mtu. Upande wa mashtaka lazima waonyeshe ulikuwa na sababu ya kuamini kuna kesi ya jinai au ya nidhamu, ipo au inakuja, na ulikusudia kuivuruga. Kama kamanda ameagiza upimwe wewe kwa sababu umekutwa unanuka moshi, hapo hakuna mjadala mrefu. Kama ni kipimo cha kushtukiza cha kikosi kizima wakili wa utetezi ana pa kusimama, atasema hakukuwa na kesi yoyote siku ile, na kwa kweli ni hoja ya maana, lakini waendesha mashtaka watamuuliza basi aliyevuta Jumamosi akaitwa Jumatatu alikuwa anamkimbia nani? Na wakikwama hapo kuna 131g, hiyo inashika anayevuruga shauri la kiutawala kama lile la kumtoa mtu jeshini.

Ukiitwa kuhojiwa una haki ya kunyamaza kwa kifungu cha 31, itumie, omba wakili wa utetezi wa jeshi, hulipi kitu. Usimfuate yule msimamizi wa chooni ukamwomba "asahau" alichoona, maana hilo ni shtaka la pili la kuzuia haki na safari hii shahidi wake ni yeye mwenyewe.