Kinga ya mwili, kuhariri jeni na saratani: maswali na majibu

Mwili una kinga. Kwa nini saratani inaushinda?
Kwa sababu saratani hutokana na seli zetu wenyewe zilizoharibika. Seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazosaka na kuua seli zenye kasoro, mara nyingi huzipita bila kuzitambua.

Zinasaidiwaje kuzitambua?
Hutolewa kwenye damu ya mgonjwa, huwekewa maabarani jeni ya kipokezi kinachonasa alama iliyo juu ya seli za saratani, huzalishwa kwa wingi, kisha hurudishwa kwa dripu. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii Agosti 2017, kwa watoto na vijana wenye saratani ya damu ya seli B, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu.

Kuhariri jeni kunaingia wapi?
Saratani ikiwa ya seli T zenyewe, tiba na ugonjwa vinabeba alama ileile, CD7. Ni kama askari waliovaa sare za adui: watauana wao kwa wao.

Mwaka 2022, katika hospitali ya Great Ormond Street, London, timu ya Profesa Waseem Qasim ilimtibu binti wa miaka 13 mwenye saratani hiyo ya seli T, ambaye kemotherapi na upandikizaji wa uboho havikumponya. Walichukua seli T za mtu mwenye afya, wakabadilisha herufi mojamoja za DNA bila kuikata. CD7 ilizimwa ili seli zisiuane. Kipokezi chao cha asili kilizimwa zisimshambulie mgonjwa. CD52, alama nyingine ya seli hizo, nayo ilizimwa ili dawa ya kushusha kinga isizimalize. Ndipo zikapewa kipokezi cha kuisaka CD7. Siku 28 baadaye saratani haikuonekana, akapandikizwa uboho upya ili kinga yake ijengeke tena. Kwangu hii ni kazi ya kustaajabisha.

Ina hatari?
Ndiyo, kubwa. Homa kali, presha kushuka, kuchanganyikiwa, maambukizi. Mgonjwa lazima awe karibu na ICU.

Mama yangu ana saratani ya titi. Tuisubiri?
Tafadhali msisubiri. Tiba hii haijaidhinishwa kwa saratani ya titi. Saratani za uvimbe, kama ya titi, bado zinaisumbua tiba hii. Vinywaji vya “kuongeza kinga” vinavyouzwa mitandaoni havihusiani nayo kabisa. Muulizeni daktari kama kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe kilipimwa HER2, protini iliyo juu ya baadhi ya seli za saratani ya titi. Kikiwa nayo, kuna dawa ya trastuzumab, kingamwili inayozuia seli hizo kukua na kuziita seli za kinga zizishambulie.