Leseni ya NEMA ikishatoka, mradi bado unaweza kusimamishwa?

Swali hili tunaulizwa karibu kila baraza tunaloenda. Watu wanasema mwekezaji ashapata leseni ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, sasa sisi tutafanya nini tena, kama vile muhuri ukishagongwa basi mambo yamekwisha. Hayajaisha. Sheria ya mazingira ya Kenya, ile ya 1999 inayoitwa EMCA, imeacha njia kadhaa za kusimamisha mradi mkubwa hata baada ya kuidhinishwa, ila kila njia ina masharti yake na wengi wetu tunastuka muda ushapita.

Tuanze na NEMA wenyewe. Wao ndio wanaotoa leseni, na kifungu cha 67 kinawapa nguvu ya kuifuta au kuisimamisha kwa muda usiozidi miezi 24 kama mwenye mradi amevunja masharti. Hayo mawili msiyachanganye: ikisimamishwa, mwenye mradi anarekebisha halafu anaendelea, ikifutwa hana leseni tena. Kwa hiyo ukiandika malalamiko usiseme tu "sisi wananchi tunapinga", chukua leseni yenyewe usome masharti, useme sharti namba fulani limevunjwa, tarehe fulani, mahali fulani, na picha hizi hapa. Barua ya hivyo inamlazimu afisa atoke ofisini akaangalie. Ile ya kulalamika kijumla mara nyingi inalala kwa faili, niseme ukweli.

Njia ya pili ni jopo la rufaa za mazingira, wengi wanalijua kama NET (National Environment Tribunal). Hapa ndipo watu wanapoteza haki yao, maana kupinga leseni una siku 60 tu, na usitegemee kuongezewa. Halafu kuna hili ambalo hata mawakili wengine wanalisahau: zamani ukishakata rufaa tu kazi ilikuwa inasimama yenyewe, siku hizi sheria ilibadilishwa, lazima uombe amri kwamba hali ibaki kama ilivyo mpaka rufaa iamuliwe. Usipoomba, rufaa yako inasikizwa huku tingatinga linaendelea kuchimba, na siku ukishinda unakuta mikoko haipo.

Mfano mzuri ni Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050, na mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. NEMA ikatoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wakaazi wakakata rufaa Novemba mwaka huohuo, yaani hawakulala, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Wengi walishangilia wakidhani makaa ya mawe yamepigwa marufuku Kenya, la hasha. Jopo lilisema wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari za mradi kwa mazingira zinataka mabango yabandikwe mahali watu wanapopita, tangazo gazetini na redioni kwa wiki mbili mfululizo, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Mikutano ilifanyika kweli, lakini ilikuwa ya mwanzo mwanzo kabla ripoti kamili ya tathmini haijatoka, kwa hiyo mvuvi aliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hajaonyeshwa. Kuhudhuria, kusaini daftari na kupewa soda si kushirikishwa. Mwekezaji akitaka kuendelea aliambiwa afanye tathmini upya, akakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikakubaliana na jopo.

Sasa linganisha na Kibos, Kisumu. Wakaazi walilalamikia viwanda vya sukari na pombe kali, wakaenda moja kwa moja mahakamani, 2018 wakashinda na leseni zikafutwa. Mahakama ya Rufaa ikaja ikapindua, na 2020 Mahakama ya Juu nayo ikasema kwamba mambo ya leseni yalipaswa kuanzia kwenye jopo. Mimi naona ni uchungu sana mtu kushindwa kwa sababu ya mlango aliopitia na si kwa sababu ya hoja yake, lakini ndivyo sheria ilivyo kwa sasa, kwa hiyo kabla hujalipa ada ya kesi muulize wakili wako swali hilohilo la kwanza, tunaanzia wapi.

Ripoti ya tathmini na nakala ya leseni unaziomba ofisi ya NEMA ya kaunti yako, Katiba kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Omba kwa maandishi, nenda na barua nakala mbili, moja wabaki nayo na nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo ya muhuri urudi nayo nyumbani.