Je, wajua kwa nini maua ya misitu ya Marekani huwahi kuchanua kabla miti haijatoa majani?

Ukiingia kwenye msitu wa Ohio au Pennsylvania katikati ya Aprili, mialoni bado haina jani hata moja na koti huwezi kulivua. Lakini tazama chini. Juu ya majani makavu ya mwaka uliopita yametapakaa maua meupe, ya waridi na ya manjano. Rudi pale pale mwezi Juni: mengi ya maua hayo hayapo tena, hata majani yake huyaoni.

Sababu ni mwanga. Miti ya huko hupukutisha majani wakati wa baridi na kuyatoa upya majira ya kuchipua. Majani yakishatanda juu, jua linalofika ardhini ni asilimia chache tu. Mmea mfupi una wiki chache kati ya kuyeyuka kwa theluji na kuingia kwa kivuli, na ndani ya wiki hizo lazima uchanue, ukomaze mbegu na uweke akiba ya chakula kwenye kiazi chake ardhini. Kisha unanyauka na kulala hadi mwaka ujao. Kwa kuwa kipato chenyewe ni cha muda mfupi hivyo, kukua huenda polepole mno. Erythronium americanum, lenye ua la manjano linaloinamia chini, huishi miaka kadhaa likiwa na jani moja tu bila kuchanua. Ukiona lenye majani mawili, hilo ndilo limefikia umri wa kutoa ua.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: nani anayachavusha maua hayo kwenye baridi ile? Tukisikia nyuki, wengi wetu tunafikiria mzinga na asali. Nyuki wa asali si mwenyeji wa Marekani. Aliletwa Virginia na walowezi kutoka Uingereza mwaka 1622. Maua haya yalikuwepo zamani sana kabla yake, na yana nyuki wake wa porini, wadogo, wanaochimba mashimo ardhini. Kila jike ana shimo lake. Hakuna malkia wala vibarua.

Mfano mzuri kuliko yote ni Claytonia virginica. Ua lake halizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Lina petali tano nyeupe zenye mistari ya waridi inayoelekea katikati, na mistari hiyo humwonyesha mdudu mbochi, yaani maji matamu ya ua, ilipo. Siku ua linapofunguka, stameni zake tano, vijiti vya kiume vya ua, husimama na kutoa chavua, yaani unga wa uzazi, wa rangi ya waridi. Baadaye stameni hizo hujikunja na kulalia petali, na ncha ya stigma, sehemu ya kike iliyo katikati, hugawanyika mara tatu ili kupokea chavua ya ua jingine. Ua lile lile huanza likiwa dume, kisha likawa jike, na hivyo si rahisi lijichavushe lenyewe. Ukichutama karibu nayo utaona hatua zote mbili zikiwa bega kwa bega.

Ngoja kidogo hapo hapo, maana nyuki wake atakuja. Anaitwa Andrena erigeniae, ni mdogo kuliko nyuki wa asali, na chavua anayowalisha watoto wake ni ya Claytonia. Utamtambua jike kwa miguu ya nyuma iliyojaa unga wa waridi. Anaifinyanga chavua hiyo kuwa tonge, analiweka kwenye kijumba ardhini, anataga yai juu yake, kisha anaziba. Buu hula tonge hilo na kukua. Baridi inapoingia tayari ni nyuki kamili, lakini hatoki. Anakaa humo gizani hadi udongo upate joto na Claytonia ichanue tena. Mwaka mzima wa mdudu huyu umefungwa kwenye wiki chache za ua moja.

Usimchanganye na Bombylius major, ambaye naye ana manyoya na huonekana siku zile zile. Huyo ni nzi: ana mabawa mawili tu, na mrija mrefu umenyooka mbele ya uso wake. Hunyonya mbochi huku akielea hewani na kubeba chavua pia. Lakini jike wake hurusha mayai karibu na milango ya mashimo ya nyuki, na mabuu yakishaangua huingia ndani kuwala watoto wa nyuki. Analihudumia ua, na papo hapo anamwangamiza mchavushaji mwenzake.

Hayo yote hutaki kuyatafuta asubuhi ya mawingu. Maua ya Claytonia hufunga usiku na jua likijificha, na nyuki hawaruki. Mliopo Columbus au Pittsburgh, nendeni karibu na adhuhuri siku ya jua, na msitoke kwenye njia, kwa sababu viazi vyenyewe na mashimo ya nyuki viko chini ya nyayo.

Linalotia wasiwasi ni kwamba muda huo mfupi wa mwanga unazidi kupungua. Miaka ya 1850 mwandishi Mmarekani Henry David Thoreau aliandika tarehe za maua na majani huko Concord, Massachusetts. Wanasayansi walipolinganisha kumbukumbu zake na za miaka ya karibuni, walikuta miti sasa hutoa majani takriban wiki mbili mapema kuliko zamani, ilhali maua ya ardhini yamesogea kama wiki moja tu. Kivuli kinayawahi. Kumbukumbu za namna hiyo zinaendelea kukusanywa leo na watu wa kawaida kupitia programu kama iNaturalist: picha ya ua, ya mdudu aliyekuwa juu yake, mahali na tarehe.